Ndoo ya Mama Gesti

Mama Gesti hakumtazama mgeni usoni, alimtazama mikono. Unashuka kwenye treni pale Mpanda, vumbi limekujaa mpaka kwenye meno, unavuka reli na kukata mitaa miwili ya Kashaulili, unamkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, kitabu cha wageni mapajani. Salamu yako ataijibu, maana alikuwa mtu wa dini, lakini macho yake yako kwenye vidole vyako vilivyoshika begi. Halafu anainua kidevu kuelekea kisimani. "Ndoo ile pale. Jaza, peleka bafuni. Ukimaliza njoo tuandikishane."

Ndoo yenyewe ilikuwa ya plastiki, ya kijani, ya lita ishirini. Kutoka kisimani mpaka mlango wa bafu ni hatua thelathini na kitu, unapita uani mbele ya baraza zima. Unabeba kwa mkono, si kichwani. Ukiitua njiani hata mara moja, Mama Gesti anafunga kitabu na kusema, "Nyumba imejaa." Anasema hivyo huku funguo zinaning'inia kwenye misumari nyuma ya kichwa chake, na kila mtu anaziona, hata wewe uliyeambiwa.

Wageni wa mara ya kwanza walidhani ni utaratibu wa maji tu. Kuanzia Agosti kule ardhi inapasuka, bomba linatoa hewa, kisima kinashuka mpaka kamba inaungwa. Kumwambia mgeni achote maji yake ilikuwa haki kabisa. Lakini sisi wakaaji wa baraza tulijua. Ile ndoo ilikuwa kipimo. Miaka ile ya tisini watu walikuwa wanarudi na treni kutoka mijini na machimboni wakiwa wamekonda, suruali zimefungwa kamba, wanakwenda kwao kufa. Reli inaishia Mpanda. Wakishuka wanahitaji kitanda cha siku moja au mbili mpaka lipatikane lori la kuwafikisha kijijini, na Mama Gesti hakutaka mtu afie kwenye kitanda chake.

"Gesti si hospitali," alikuwa akisema. "Hapa mtu anaingia na miguu yake, anatoka na miguu yake."

Alikuwa na sababu, siwezi kumnyima. Mwaka aliofungua, dereva mmoja alikutwa amekufa chumbani asubuhi. Habari ilifika stesheni kabla maiti haijafika mochwari, na kwa miezi mingi abiria walikuwa wanaipita nyumba yake upande wa pili wa barabara, wanaambizana kwamba pale panafia watu. Alibaki peke yake na mashuka yake safi. Akanunua ndoo ya kijani.

Mimi nilikuwa nauza mitumba. Nafuata mabelo Tabora, narudi kuuza sokoni Mpanda, na kwa miaka sita chumba changu kilikuwa kwake. Kwetu ni Litapunga. Wazazi wangu walihamia pale na ng'ombe kutoka Usukumani, lakini nyumbani kulikuwa na mama na maswali yake ya lini nitaolewa, kwa hiyo nilipendelea kulala mjini na kusemwa na mtu asiye ndugu. Siku hizi watu wanasema Katavi, Katavi. Enzi hizo tulikuwa Rukwa, mwisho wa reli, na ukimwambia mtu wa Tabora kwamba unarudi Mpanda anakupa pole.

Vyumba vyake havikuwa na namba. Alivipa majina ya stesheni, ameyaandika mwenyewe juu ya milango kwa rangi ya mafuta: Kaliua, Urambo, Ugala, Katumba, Tabora. Chumba kibaya kuliko vyote, kile kilichopakana na choo, chenye godoro lililotoboka katikati, alikiita Dar es Salaam. Mtu akija na mikogo, miwani ya jua usoni, anauliza kama kuna feni, Mama Gesti anamwambia kwa upole kabisa, "Wewe nakupa Dar es Salaam, utajisikia uko nyumbani." Sisi barazani tunainamisha vichwa.

Kitabu cha wageni alikisoma kwa sauti. Jina, kabila, kazi, utokako, uendako, sahihi ya kuingia, sahihi ya kutoka. Gesti nyingine zinakiandika kwa ajili ya polisi. Yeye alikuwa anakiandika kwa ajili yetu sote. "Kazi, mfanyabiashara," anasoma, kisha anashusha macho. "Na viatu hivi?" Mwanamume mmoja alikuja na binti wa watu akaandika mke. Mama Gesti akamuuliza baba mkwe anaitwa nani. Yule bwana akawa anatafuta jina angani. "Basi nendeni mkamuulize," Mama Gesti akasema, akamrudishia begi lake.

Asubuhi saa kumi na mbili alipita mlango kwa mlango akigonga kijiko kwenye sahani ya bati, na kila chumba kilitakiwa kuitika kama darasani. "Kaliua!" "Nipo." "Urambo!" "Nipo, mama." Usipoitika anafungua kwa ufunguo wake, hata kama umevaa chupi. Tulimnung'unikia, lakini tuliitika. Nilikuwa naitika Ugala miaka sita, na mpaka leo nikisikia kijiko kimegonga sahani, jibu linanifika mdomoni.

Halafu huyo huyo, mwezi wa Ramadhani, alikuwa anatandika mikeka nje ya geti na kupika uji wa pilipili manga, tambi, mihogo ya nazi, na kila aliyepita alikaa akala. Hakuuliza dini. Niliwahi kuona wagonjwa aliowakatalia mchana wamekaa pale jioni wanakula kwa mikono yao iliyoshindwa ndoo, na yeye mwenyewe anawaongezea. "Kuleni, nyie mna safari," anawaambia. Wakishashiba, anafunga geti.

Na kuna suala la kikohozi. Miaka miwili ya kwanza nilimjua kama mtu wa kifua kibovu. Alikuwa anakohoa kwa nguvu, ghafla, katikati ya mazungumzo, hasa akiwa karibu na jiko. Nilimletea majani kutoka kwetu, akanishukuru, akayaweka. Kisha siku moja nikakuta watu wamevaa kanzu, jeneza linatolewa mlango wa nyuma wa jiko, na ndipo nikajua kwamba mume wake alikuwa amelala chumba kile cha nyuma zaidi ya mwaka, anaumwa hivyo hivyo wanavyoumwa wale aliokuwa akiwakataa. Kila alipokohoa, mkewe alikohoa juu yake ili tusisikie. Baada ya arobaini sikumsikia Mama Gesti akikohoa tena.

Mngedhani baada ya hapo angeweka ndoo pembeni. Wapi. Alinunua mpya, ya kijani vile vile.

Sasa niseme ya kwetu sisi wa barazani, maana nisije nikamtupia yeye kila kitu. Katikati ya uwanja ule palikuwa na mpapai, nusu ya njia kutoka kisimani. Tulikuwa tunabashiri. Mgeni akiinua ndoo tunanong'onezana, huyu anafika, huyu anaishia kwenye mpapai. Mnunuzi wa tumbaku aliyekaa chumba cha Tabora alikuwa bingwa, lakini mimi nilikuwa namfuata kwa karibu. Ikawa ndiyo lugha yetu. Tukimwona mtu amekonda sokoni tunasema, yule keshafika kwenye mpapai, na tunacheka.

Mwalimu mmoja alikuja na mkewe, wanakwenda Inyonga. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri sana. Nilisema huyu haupiti mpapai. Aliutua mzigo pale pale, hatua moja kabla ya mti, akageuka na kutabasamu. "Nabadilisha mkono tu, mama."

"Nyumba imejaa."

"Mama, ni siku moja tu," mkewe akasema.

"Nimekusikia mwanangu. Nyumba imejaa."

Yule mke akainua ile ndoo mwenyewe, kwa hasira, akaifikisha bafuni bila kumwaga hata tone, akarudi akamshika mumewe mkono wakatoka. Mnunuzi wa tumbaku akasema heri angekuja mke peke yake. Nilicheka mpaka machozi. Nayaandika haya bila kujipamba: nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeshinda.

Mdogo wangu alikuja na treni ya Alhamisi. Alikuwa wa mwisho kuzaliwa kwetu, alikwenda machimboni akiwa hajaota ndevu, na miaka minne tulipata salamu tu kwa midomo ya watu. Safari hii salamu zilisema niende stesheni nikampokee, amekwishatoka hospitali, wamemwambia arudi nyumbani. Nilikwenda. Nikampita. Nikampita tena mara ya pili nikiangalia nyuso za watu, mpaka mtu aliyekaa juu ya sanduku akasema, "Dada, macho yameanza kukusumbua?"

Njia nzima kutoka stesheni nilikuwa nawaza ndoo. Gesti nyingine mbili zilikuwepo, lakini moja haikupokea mtu aliyekonda hata aseme nini, na nyingine ilikuwa baa yenye vitanda. Lori la Litapunga lilikuwa kesho yake. Nilijiambia Mama Gesti ananijua miaka sita, amekula mihogo ya shambani kwetu, atanisitiri.

"Mama, huyu ni mdogo wangu," nilimwambia, nimepiga goti. "Kesho naondoka naye."

"Namwona."

"Nibebe mimi."

"Wewe una chumba. Anayetaka chumba ni yeye."

"Basi alale kwangu, Ugala. Mimi nitalala chini."

"Kitabu kinaandika kila kichwa, mwanangu. Leo nikikupa wewe, kesho nitamwambia nini mwingine?"

Nilikwenda kisimani nikajaza ndoo mpaka nusu. Mama Gesti, ambaye hatukuwahi kumwona akiinuka kwenye kigoda kwa ajili ya mgeni, aliinuka, akaja, akaongeza maji mpaka juu. Nilimchukia saa ile kwa moyo wangu wote. Ningekuwa na nguvu ningemtumbukiza kisimani.

Mdogo wangu akavua koti akanipa. "Dada, kaa pembeni."

Aliinua ndoo kwa mkono wa kulia, bega likashuka kama linang'oka, akaenda. Hakukimbia, hakuyumba sana. Karibu na mti nikamsikia mnunuzi wa tumbaku akisema kwa sauti ya chini, kwa mazoea tu, "Mpapai." Mdogo wangu akaupita. Mishipa ya shingo yake ilionekana yote. Akafika mlango wa bafu, akaitua taratibu maji hayakumwagika, akageuka akamtazama Mama Gesti.

"Nikuletee na nyingine?"

Watu walipiga makofi. Hata mimi. Mama Gesti akafungua kitabu, akaandika jina lake, kabila, kazi mchimbaji, uendako Litapunga, akampa ufunguo wa Katumba, chumba safi kuliko vyote. Yale maji hakuyaoga. Alijilaza na viatu, nikamvua, na mkono wake wa kulia uliendelea kutetemeka juu ya shuka muda wote nilipokuwa namlisha wali, vijiko viwili, akasema ameshiba.

Asubuhi niliondoka kabla ya sahani kugongwa, nikawahi lori lisije likajaa. Nilimwacha amelala, anapumua. Niliporudi jua lilikuwa limeshapanda, nina habari njema: lori linaondoka saa nne na dereva amekubali apande nyuma kwenye magunia, alale. Nikasukuma mlango wa Katumba. Mama Gesti alikuwa amekaa kitandani kando yake. Mdogo wangu alikuwa amevaa koti na viatu, kamba za viatu zimefungwa vizuri. Nikafurahi. Nikasema ahsante mama, umemwandaa.

"Amekwisha," Mama Gesti akasema. "Usilie."

Sikulia. Sikuelewa.

"Nisikilize vizuri. Ukilia hapa, watakuja watu wa mochwari, utatafuta kibali, utatafuta gari linalokubali maiti, siku ya tatu utakuwa bado uko Mpanda na jua hili. Na mimi nyumba yangu imekufa. Lakini akitoka na miguu yake, saa sita mchana mama yako anamwona."

Nimefikiria maneno yale miaka mingi. Yalikuwa ya kweli yote, na yote yalikuwa ya kwake. Nikamwitikia kwa kichwa. Tukamvalisha kofia, tukamweka katikati, mkono mmoja shingoni kwangu, mwingine shingoni kwake, na yule mama wa miaka sitini na zaidi akabeba uzito kuliko mimi. Tukapita barazani. Alikuwa anamsemesha. "Polepole baba. Inua mguu. Wali wangu umekulevya?" Watu wakacheka. Mnunuzi wa tumbaku akasema, "Safari njema, mwamba." Mlangoni Mama Gesti akasimama, akanisukumia kitabu kwa goti. Sahihi ya kutoka. Nikaweka sahihi ya mdogo wangu, kwa mwandiko wangu, huku kichwa chake kimeniegemea.

Litapunga mama aliniuliza swali moja tu, alifia wapi. Nilisema njiani, kichwa kikiwa mapajani kwangu. Mama akasema, "Afadhali hakufa peke yake." Aliyarudia hayo kwa kila aliyekuja kutupa pole, mpaka nikatamani anyamaze.

Kwa sababu sikujua. Nilichotaka kujua ni kitu kimoja, na ni Mama Gesti peke yake aliyekuwa nacho. Sahani ilipogongwa asubuhi ile, mdogo wangu aliitika? Alimvalisha viatu akiwa hai, akisubiri dada yake, au alimvalisha amekwisha? Sikumuuliza siku ile, na baadaye sikurudi tena. Nilituma mtu achukue mabelo yangu.

Nikabaki kijijini. Mwisho wa miaka ile ya tisini nikajenga kando ya barabara, mgahawa wa chai na vyumba vitatu, kwa ajili ya madereva na watu wa mifugo. Nikaweka kitabu. Na nikaweka ndoo. Ndiyo, ya lita ishirini, kwa mkono, kutoka kisimani mpaka bafuni. Siku ya kwanza nilimwambia mtu mmoja aliyekonda kwamba nyumba imejaa, na sauti iliyotoka haikuwa yangu, na halafu ikawa yangu.

Mama Gesti alikuja mchana wa Septemba. Lori lilimshusha mbele ya mgahawa, na safari hii mimi ndiye niliyeangalia mikono. Ilikuwa imebaki ngozi. Bangili zimepanda mpaka karibu na kiwiko, zimefungwa uzi zisidondoke. Kiangazi kilikuwa kikali, nyumba tupu, vyumba vyote vitatu milango wazi ili upepo upite.

"Nimekuja kwako," akasema. "Si kwamba nilikuwa napita. Nina neno la mdogo wako, alilisema asubuhi ile. Sitaki niende nalo. Nipe kitanda nipumzike kwanza, kifua hakiniruhusu kusema mengi."

Alilisema. Kwa hiyo aliitika. Ningeweza kumshika mkono nikamwingiza ndani, ilikuwa hatua nne. Badala yake nikaona mpapai, nikaona ile ndoo ya nusu akiijaza mpaka juu, nikasikia watu wanacheka barazani wakati mdogo wangu anaburuzwa. Nikainua kidevu kuelekea kisimani.

"Ndoo ile pale. Ukimaliza tutaandikishana."

Mama Gesti aliitazama, akanitazama mimi, na wallahi alitabasamu. Akakaza khanga kiunoni. Hakunisihi. Alichota mwenyewe, akajaza mpaka juu kabisa kama alivyotujazia sisi, akainua kwa mikono miwili, akaenda hatua tano, sita. Kwangu hakuna mti. Katikati ya uwanja mtupu akaitua, akasimama ameishikilia asianguke, akikohoa. Kilikuwa kikohozi chake mwenyewe sasa.

Akasubiri niseme. Alikuwa anasubiri kabisa, uso umeinuka.

"Nyumba imejaa," nikasema.

"Vizuri." Akafuta mikono kwenye khanga. "Mdogo wako aliweza."

Akageuka, akaenda kukaa kivulini mwa lori lile lile, upande wa pili wa barabara. Dereva alikunywa chai yangu, akala chapati mbili. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nilifuta meza zilizokuwa safi, nikahesabu vikombe, nikasema akimaliza chapati hii nitavuka. Lori likawashwa, dereva akamsaidia kupanda, likageuza kurudi Mpanda. Kabla ya mwezi kuisha mtu wa mjini aliniambia wamemzika, na hakuniletea neno lolote kutoka kwake.

Siku ile lilipopotea lori, ndoo ilikuwa bado imesimama katikati ya uwanja, imejaa. Nikaishika nikaipeleka bafuni mwenyewe. Niliitua mara mbili njiani, na hapakuwa na mtu barazani wa kunihesabia.